Jinsi Ndege Ishukavyo Tabora

Wapagazi wa zamani walitoka Bagamoyo wakapanda nchi kidogo kidogo, miezi 3 au zaidi, hata wakafika Tabora, mahali palipoinuka yapata meta 1,200 juu ya bahari. Ndege hutoka pwani ikafika kwa muda mfupi tu, walakini kimo hicho haiwezi kukikwepa. Na tujifunze jinsi ishukavyo salama.

Kwa desturi, ndege ya abiria hushuka kwa pembe ya digrii 3. Maana yake, ikisalia kilometa 10 kufika mahali pa kutua, yapasa iwe juu yapata meta 520. Ikisalia kilometa 1, meta 52. Ikija kwa mteremko mkali mno, ni vigumu kupunguza mwendo wake. Ikija chini mno, miti na vilima viko karibu.

Tena kila ndege ina kiasi cha mwendo ambacho, ukipungua kuliko hicho, mabawa hayaibebi. Kwa hiyo rubani huja kutua kwa mwendo uliozidi kiasi hicho kwa yapata sehemu 3 katika 10. Hiyo ndiyo akiba yake, upepo ukibadilika ghafula.

Lakini hewa ya Tabora ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kipimo cha mwendo huonyesha hesabu ile ile, kumbe ndege yaenda upesi zaidi kwa yapata sehemu 6 katika 100, na joto huzidisha. Kwa sababu hiyo yahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Akiba ya nafasi hiyo hupungua pasipo kuonekana, ila kwa rubani aliyepiga hesabu mapema.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka katika Ziwa Victoria. Katika watu 43, walikufa 19. Twaona basi ya kuwa hatua ya mwisho ya safari si ndogo.

Mashirika mengi yana kanuni hii: penye mawingu, ndege ikiwa meta 300 juu ya kiwanja, pembe na mwendo viwe vimekwisha kuwa sawa, kama sivyo, rubani apae tena na kuanza upya. Basi sisi abiria tukiona ndege yapaa tena karibu na kutua, tusinung'unike wala tusimhesabie rubani aibu. Wazee walisema: Kawia ufike.