Usimpelekee Daktari Vidole Peke Yake

Wadogo zangu, kona yetu leo ni ya barua moja tu, ila naomba msikize wote, maana aliyoyaandika huyu mwenzenu wapo wengi wanayaugulia kimyakimya, toka Shimoni mpaka Likoni.

Ni mama karanga wa Munje. Vyombo vikirudi kutoka baharini hununua samaki, huwakaanga, na jioni huwauza. Anasema: "Dada, nikiamka vidole havikunjiki, hata mwiko siushiki mpaka saa tatu. Nywele zinabaki kwenye kitana. Mashavu yameingia weusi, watu wasema ni moto wa karai. Mdomoni nina vidonda ambavyo hata haviumi. Nimetibiwa malaria, nikaambiwa ni chikungunya, kisha baridi yabisi. Sasa nimepimwa damu, karatasi yasema ANA chanya, 1:320. Ndiyo lupasi hiyo? Na je, nitazaa?"

Mwisho kabisa, baada ya salamu, ameongeza mstari mmoja: mimba yake ya kwanza ilitoka mwezi wa nne, na kliniki ya wajawazito damu yake ilisomeka ina kaswende. Mumewe akapimwa, hana. Nyumba ikataka kuvunjika.

Mdogo wangu, mstari huo umeuweka mwisho. Mimi nimeupigia duara. Tutaufikia.

Kwanza, simlaumu aliyekutibu malaria. Huku kwetu homa na maumivu ya viungo vina wenyewe. Malaria ipo, dengi ipo, chikungunya huweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi. Mkojo ukiwa na damu, Msambweni nzima itakwambia kichocho. Miguu ikivimba, watasema matende. Lupasi huiga yote hayo, ndiyo maana hukaa ndani ya mtu miaka bila kujulikana. Tofauti yake ni kwamba hupoa, hurudi, na kila ikirudi huweza kushika pahali pengine.

Sababu ya kuzunguka hivyo ni hii. Kingamwili hutengenezwa na mwili ili kupambana na vijidudu. Kwa mwenye lupasi, mwili hutengeneza kingamwili zinazoshika vitu vyake wenyewe, hasa vilivyomo ndani ya kiini cha seli. Na karibu kila aina ya seli mwilini ina kiini. Basi ngozi itaguswa, viungo vitaguswa, na vilevile figo, utando wa mapafu na wa moyo, damu, hata ubongo. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Haiambukizi. Hukuipata kwa samaki, wala mumeo hawezi kuipata kwako.

Haya, karatasi yako. ANA ni kipimo cha kingamwili zinazoshika kiini. Ile 1:320 maana yake ni kwamba maji ya damu yako yalizimuliwa mpaka sehemu moja ikawa ndani ya 320, na bado kingamwili zikaonekana chini ya darubini. Kadiri namba ya pili inavyokuwa kubwa, ndivyo zilivyo nyingi. Karibu kila mwenye lupasi ana ANA chanya. Lakini si kila mwenye ANA chanya ana lupasi! Katika uchunguzi wa mwaka 1997 uliohusisha maabara za nchi kadhaa, watu wazima wenye afya njema walipimwa, na kama 13 kati ya 100 walikuwa chanya kwa 1:80, na 5 kati ya 100 kwa 1:160. Maambukizi pia, malaria ikiwamo, huweza kuifanya ANA iwe chanya. Ndiyo sababu vigezo wanavyotumia madaktari tangu 2019 huanza na ANA ya 1:80 au zaidi kama mlango tu. Ukishapita mlangoni, zinahesabiwa pointi za dalili za mwili na za vipimo vingine, na ni mpaka zifike kumi.

Huenda kwenye karatasi pia kuna neno la umbo: kiini kimewaka chote sawasawa, au kwa madoadoa, au sehemu fulani tu. Umbo humwelekeza daktari atafute kingamwili ipi, lakini peke yake halitoi hukumu.

Kingamwili zenyewe kwa majina ndizo zinazosema zaidi. Anti-dsDNA ikiwa juu, figo zichungwe. Anti-Sm hawanayo wote, ila aliye nayo lupasi yake haina shaka sana, na huonekana zaidi kwetu sisi watu weusi. Anti-Ro huendana na ngozi isiyostahimili jua na macho makavu, na mjamzito aliye nayo, mapigo ya moyo wa mtoto hufuatiliwa tumboni, kwa kuwa mara chache kingamwili hiyo huvuka kondo na kuudhuru.

Sasa ule mstari wa kaswende. Kuna kipimo cha zamani cha kaswende kiitwacho VDRL, na huenda ndicho ulichopimwa. Hicho hakitafuti kijidudu chenyewe. Hutafuta kingamwili zinazoshika aina fulani ya mafuta yaliyomo kwenye seli. Baadhi ya wenye lupasi wana kingamwili zinazoshika mafuta hayohayo, kwa hiyo VDRL husomeka chanya na kaswende haipo. Na kingamwili hizohizo hugandisha damu kwenye mishipa na huweza kuitoa mimba. Kaswende isiyo na mwenzake, mimba iliyotoka mwezi wa nne, mashavu, vidole: huenda ni habari moja. Sisemi ndivyo, mimi si maabara. Nasema daktari lazima ayasikie yote kwa pamoja. Kuna kipimo cha kuhakikisha kaswende, TPHA, kiombe. Kingamwili za kugandisha damu zina vipimo vyake, navyo zikionekana hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi. Mpaka hapo, usianze vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Mweleze muuguzi akupe njia nyingine. Na yeyote kati yenu akiambiwa ana kaswende, asikatae sindano kwa sababu ya kona hii. Aombe kipimo cha pili.

Usisubiri kufika kwa daktari wa Mombasa kwa mambo mawili: mkojo na presha. Zahanati wana kile kijiti cha kuchovya. Protini ikionekana, au mkojo unatoa povu lisiloisha, au miguu na kope zinavimba, nenda hospitali ya rufaa ya Msambweni wiki hiyohiyo. Figo za lupasi haziumi zinapoharibika, na zikiwahiwa hutibika. Kifua kikikuchoma ukivuta pumzi, mguu mmoja ukivimba ghafla, au ukapata degedege, hiyo ni dharura, usilale nyumbani.

Ikithibitika kuwa ni lupasi, dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini. Mashoga zako watakucheka kwamba unameza dawa ya malaria kila siku. Ni ndugu wa ile klorokwini ambayo Kenya iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 1998, lakini hapa kazi yake ni kutuliza kinga. Huchukua wiki hadi miezi kuonyesha kazi yake, na macho hupimwa mwanzoni kisha kila mwaka baada ya miaka mitano. Haikukingi na malaria ya leo, kwa hiyo homa ikija, pima. Prednisoloni ukipewa, usiikate ghafla hata ukijiona mzima. Na dawa za mizizi, kabla hujanywa mwonyeshe daktari, maana nyingine huzitesa figo.

Jua huamsha lupasi. Sikwambii uache biashara. Hamisha karai chini ya paa la makuti, buibui lako lina faida, jipake mafuta ya kukinga jua, na pweza wa adhuhuri mwachie mwenzio akaende kuwatafuta.

Kuzaa? Wengi wenye lupasi wanazaa. Inatakiwa ugonjwa uwe umetulia kama miezi sita kabla ya kushika mimba, na dawa zipangwe mapema, kwa sababu baadhi humdhuru mtoto lakini haidroksiklorokwini huendelea. Zikithibitika zile za kugandisha damu, kuna aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini za kuilinda mimba.

Sasa fanya hivi. Chukua daftari, gawa ukurasa kwa sehemu za mwili kuanzia kichwa mpaka miguu. Kila dalili iandike ilianza lini na ilikaa muda gani. Piga picha mashavu siku yakiwa mabaya, maana siku ya kliniki yatakuwa yametulia. Mimba iliyotoka iandike, na kile kipimo cha kaswende kiandike. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache na wengi wako Nairobi, lakini bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kukuanzisha matibabu. Omba barua ya rufaa Msambweni, na ikibidi uvuke feri kwenda Mombasa, karatasi zote ziwe kwenye mfuko mmoja.

Na mumeo nenda naye. Akae kiti cha pili, majibu ya TPHA ayasikie kutoka kinywani mwa daktari mwenyewe, siyo kutoka kwako.