Kwa nini simu hainyamazi kwenye IMEI, lakini inanyamaza ukikosea nambari ya kutuma pesa

Tuseme ni tarehe 5 na mwanafunzi pale Chepkoilel anatuma kodi ya chumba, shilingi 4,500. (Chuo kinaitwa Chuo Kikuu cha Eldoret tangu 2013, lakini Chepkoilel ni Chepkoilel.) Ana haraka, anabonyeza 9 badala ya 6. Simu haimwambii kitu. Kodi inaelekea kwa mtu asiyemjua.

Shida ni kwamba nambari ya simu haina tarakimu ya kujikagua. Zile tarakimu 10 zote zina kazi ya kumtambulisha mwenye laini, basi. Chukua sita za mwisho: kila moja unaweza kuikosea kwa njia 9, kwa hivyo kidole kikiteleza mara moja unaweza kuangukia nambari 54 tofauti. Nyingi zina wenyewe.

Kuna nambari zinazojikagua, na moja iko mkononi mwako. Bonyeza *#06# uone IMEI, nambari ya simu yenyewe, tarakimu 15. Ile ya mwisho imekokotolewa kutoka kwa zile 14. Kanuni hiyo ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Kadi za benki huitumia pia.

Hebu tupige hesabu na 490154203237518. Ukiisoma yote ni zaidi ya trilioni 490, lakini usiogope. Anza na tarakimu ya pili, ruka moja moja: 9, 1, 4, 0, 2, 7, 1. Zidisha kila moja kwa 2: 18, 2, 8, 0, 4, 14, 2. Iliyopita 9 jumlisha tarakimu zake, yaani 18 inakuwa 9 na 14 inakuwa 5. Jumla ni 30. Zilizorukwa ni 4, 0, 5, 2, 3, 3, 5, 8, nazo jumla yake ni 30. Zote pamoja 60. Inaishia na sifuri, kwa hivyo iko sawa.

Sasa badilisha ile 4 ya kwanza iwe 7. Unapata 63, kosa limeonekana. Tarakimu yoyote moja ukiikosea, itajulikana. Ukibadilishana mbili zilizo jirani pia itajulikana, isipokuwa 09 na 90, hizo zinapita.

Kwa kuwa nambari ya simu haina kinga hiyo, kinachobaki ni jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Lisome. Mwenye nyumba unayemwita kwa jina la mtoto wake amesajiliwa kwa jina la kitambulisho, kwa hivyo muulize mapema litakalotokea ni lipi.

Kama pesa imeshaenda, tupigie mara moja ukiwa na kodi ya muamala iliyo kwenye SMS, kabla aliyepokea hajaitoa. PIN hatutakuuliza. Atakayeiuliza ili “akurudishie” pesa si mtu wetu, kata simu.