Kambi ya masomo ya likizo: mpime mtoto kabla hujamfundisha

Likizo ya Desemba ikikaribia, makanisa, misikiti, maktaba na vikundi vya vijana wa mtaani huanza kuandikisha watoto kwa masomo ya ziada. Wiki nne baadaye mzazi anauliza swali la haki kabisa: mwanangu amepata nini? Mara nyingi anachoonyeshwa ni picha, idadi ya walioandikishwa na mtihani wa kufungia kambi, ambao aliyeshika namba moja amezawadiwa madaftari. Mtihani huo haujibu swali lake. Aliyeongoza huenda alikuja akiwa anasoma bila shida, na aliyeshika mkia huenda ndiye aliyepiga hatua kuliko wote. Bila kujua kila mmoja alianzia wapi, huwezi kusema amefika wapi.

Kwa hiyo tenga siku ya kwanza kwa ajili ya kupima, hata kama walimu wana hamu ya kuanza kufundisha. Usipime kila kitu. Kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano, kusoma kwa sauti na hesabu za kujumlisha na kutoa zinatosha.

Kwa kusoma, andaa karatasi inayopanda ngazi: silabi, maneno, aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtindo huu si mgeni kwetu. Wapimaji wa mpango uitwao Uwezo walipita nao nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, na wao waliuchukua India, ambako shirika la Pratham liliuanza kwa jina la ASER mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba mtoto anapimwa peke yake, kwa dakika chache, na kijana yeyote mwenye subira anaweza kufundishwa kuutumia.

Mkalishe mtoto pembeni, mbali na masikio ya wenzake, maana anayesubiri zamu akisikia hadithi ile ile mara tano ataikariri. Mwambie huu si mtihani wa kufaulu au kufeli. Akianza kusoma, nyamaza. Hapa ndipo walimu wengi wenye moyo mwema huharibu kipimo: mtoto anakwama kwenye “ng’ombe”, mwalimu anamtajia, kisha anamhesabia kana kwamba amesoma mwenyewe. Subiri kidogo, mruhusu aendelee, weka alama juu ya neno lililomshinda. Ukiweza, mwachie upimaji mtu ambaye hatamfundisha mtoto huyo.

Akimaliza, muulize maswali mawili: moja ambalo jibu lake limeandikwa waziwazi, na lingine la kumfanya afikiri, kwa mfano kwa nini mama katika hadithi alirudi sokoni. Usiliache jambo hili. Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyezoea silabi anaweza kuitiririsha aya nzima bila kuelewa kitu. Ukimsikia kwa mbali utadhani amekwisha kujua kusoma.

Kwenye hesabu, tazama kosa lenyewe kabla ya kuandika alama. Mpe mtoto 52 kutoa 17. Akiandika 45, hajakosea kwa kubahatisha: ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza akatoa 2 kwenye 7, halafu akatoa 1 kwenye 5. Anajua kutoa, ila hajui kukopa kumi. Mwenzake aliyeandika 69 amejumlisha, pengine hakuitambua alama. Wote wawili wamepata sifuri kwenye swali hilo, lakini somo wanalolihitaji kesho si moja. Andika kwenye daftari la kambi kila mtoto alijibu nini, usiishie kwenye alama ya vema au kosa.

Matokeo ya siku hiyo ndiyo yapange makundi. Wa darasa la tano anayekwama kwenye maneno akae na wanaojifunza maneno, kwa heshima na bila kuitwa majina. Kisha kila Ijumaa msikilize kila mtoto kwa dakika moja au mbili, na anayeiva umhamishe kundi siku hiyo hiyo. Kipimo kisichombadilishia mtoto somo kinampotezea muda.

Mwishoni rudia kipimo, lakini kwa hadithi nyingine. Ili usidanganywe na hadithi iliyo rahisi kidogo kuliko nyingine, andaa mbili za urefu na ugumu unaolingana. Nusu ya watoto waanze na ya kwanza na kumalizia na ya pili, nusu nyingine wafanye kinyume.

Kuna mtego mmoja unaozinasa ripoti nyingi za kambi. Tuseme watoto 40 walipimwa mwanzoni na 25 wakabaki hadi mwisho. Ukilinganisha wastani wa wale 40 na wastani wa hawa 25, kambi itaonekana imefanya makubwa hata kama haikufundisha chochote, kwa sababu wanaoacha mara nyingi ni wale wanaotatizika zaidi. Linganisha watoto 25 wale wale, mwanzo na mwisho, na uwataje wazi 15 walioondoka. Ukiweza, watembelee nyumbani uwaulize kwa nini.

Ndiyo maana daftari la mahudhurio nalo ni kipimo. Shirika la utafiti la RAND lilifuatilia masomo ya kiangazi katika maeneo matano ya Marekani kuanzia 2013, na ripoti yake ya 2016 ilionyesha kuwa manufaa yalionekana zaidi kwa waliohudhuria siku 20 au zaidi. Kwa hiyo, kabla hujahukumu mbinu za kufundishia, tenganisha matokeo ya waliokuja karibu kila siku na ya waliokuja kwa kuruka.

Mzazi naye asipewe namba aliyoshika mtoto wala asilimia. Mwambie: “Mama, alipokuja alikuwa anasoma neno moja moja. Sasa anasoma aya na kueleza ilivyokuwa. Hadithi ndefu bado inamchosha, msikilize kidogo kila jioni.” Umwombe pia ruhusa ya kumsikiliza mtoto tena mwishoni mwa Januari, shule zikiwa zimefunguliwa, kwa karatasi ya kiwango kile kile.