Filamu za kutisha: Tumuogope jini wa kwenye kioo au jirani mwenye panga?

KATIKA mji wa Kahama na vitongoji vinavyouzunguka uliokuwa mgodi wa Buzwagi, filamu haikuhitaji jumba kubwa lenye viti vya sponji. Ilihitaji chumba kimoja, televisheni, deki na mabenchi. Ndivyo vibanda umiza tunavyovijua. Mtazamaji asiyejua Kiingereza hakupata taabu, kwa sababu sauti ya mfasiri kama Lufufu ilimsimulia kila kitu kwa Kiswahili, pamoja na vichekesho ambavyo havikuwemo kabisa katika filamu yenyewe. Zikaja CD, kisha flashi, na leo kijana anaitazama filamu hiyo hiyo kwenye simu yake, peke yake, akiwa kitandani saa sita za usiku.

Katika zote hizo, zinazopendwa sana ni zile za kutisha: majini, maiti zinazofufuka, wanyonya damu na matajiri waliotoa kafara. Wazazi wanauliza: Je, hizi ni haramu, ni upuuzi tu, au zina mafunzo? Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Ndugu msomaji, tusikimbilie kulijibu kwa neno moja. Tuangalie kwanza filamu hizo zinatufundisha nini kuhusu majini, kuhusu mali na kuhusu jirani. Hapo ndipo ilipo hatari, na kwa watu wa ukanda huu wa dhahabu hatari hiyo si ya kufikirika.

Filamu zenyewe zinasema nini?

Mwaka 1992 ilitoka Nigeria filamu iitwayo Living in Bondage. Kisa chake ni cha mtu aliyechoshwa na umaskini, akajiunga na kundi la siri, akamtoa mkewe kafara ili atajirike. Utajiri ukaja, na mzimu wa mke nao ukaja kumwandama. Filamu hiyo ndiyo iliyofungua biashara kubwa ya filamu za Nigeria, na mwaka 2019 ikatolewa sehemu yake mpya, Living in Bondage: Breaking Free. Filamu nyingi zilizoingia kwetu miaka ya 2000 zilifuata njia hiyo hiyo.

Watengenezaji wa Kitanzania nao hawakukaa nyuma. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na baadaye Shumileta, kisa cha jini mwanamke anayempenda binadamu. Marehemu Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki mwaka 2012, alicheza na Mnigeria Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Tuwe waadilifu, Kanumba alicheza pia filamu za mapenzi na za kifamilia, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na nasaha nzuri kuliko zile za mashetani.

Za Marekani nazo zipo. Mwaka 2024 ilitolewa upya Nosferatu, kisa cha mnyonya damu kilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Mwaka 2025 ikaja Sinners, ya wanyonya damu katika jimbo la Mississippi la mwaka 1932. Kwa maoni yangu Sinners ina hoja nzito kuhusu watu weusi, mali yao na namna wanavyorubuniwa kwa ahadi tamu, lakini damu na mambo ya faragha yaliyomo humo hayamfai mtoto. Mwaka huo huo ikatoka The Conjuring: Last Rites. Mfululizo huu wa Conjuring hujitangaza kuwa umetokana na visa vya kweli. Hapo Muislamu asimame kidogo. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamuru kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Maandishi ya "kisa cha kweli" mwanzoni mwa filamu ni tangazo la biashara, si ushahidi.

Yaliyotokea kwetu

Sasa tutoke kwenye kioo. Kuanzia mwaka 2007 na 2008, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Viungo vyao vilitafutwa kwa imani kwamba vinaleta dhahabu, samaki na bahati katika biashara. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyokaa hapa hapa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Ajabu ni kuwa mwaka huo huo ndio mgodi wa Buzwagi ulioanza kuzalisha dhahabu. Na tusidhani kwamba jambo hili limekwisha. Mwaka 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa umri wa miaka miwili mwenye ualbino alichukuliwa kwao na kuuawa.

Wakati ule walikuwepo waliozilaumu filamu za Kinigeria. Walisema vijana wameona kafara kwenye video, wakaenda kuitenda. Je, ni kweli?

Haki ni kusema kwamba filamu haikuuanzisha ugonjwa huu. Usukumani vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi kabla deki ya kwanza haijaingia kijijini. Kosa la wengi wao lilikuwa macho mekundu, na macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi kavu kwa miaka hamsini ya kuwapikia watoto na wajukuu. Sheria ya Uchawi nchini ni ya mwaka 1928, enzi ya mkoloni. Watafiti Deborah Fahy Bryceson na wenzake, walioandika mwaka 2010 kuhusu wachimbaji wadogo na mauaji haya, waliyatazama kwa upande wa tamaa na wasiwasi wa mtu ambaye hajui kama duara lake litatoa dhahabu au mawe matupu.

Lakini kusema filamu haikuanzisha si kusema haina lawama. Filamu inaipa imani mbaya vitu vitatu. Kwanza, inaipa sura: kilichokuwa uvumi sasa kinaonekana kwa macho, na jicho halisahau. Pili, inaipa mpangilio: damu imemwagika, na tukio linalofuata ni gari jipya na nyumba ya ghorofa, kana kwamba moja limezaa jingine. Mtengenezaji atasema kwamba mwisho wa filamu mwovu aliangamia. Ni kweli, lakini kijana aliyeona starehe kwa saa moja na nusu na adhabu kwa dakika kumi anaweza kutoka na hesabu yake mwenyewe. Tatu, inampa mtu wa kumtaja mchawi: mganga anachungulia kwenye maji na sura ya adui inatokea. Katika filamu mganga huyo hakosei. Katika maisha, sura inayotajwa ni ya shangazi mjane asiye na wa kumtetea.

Zanzibar nako kuna somo. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilienea Pemba na Unguja, watu wakalala nje kwa makundi. Katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye popobawa. Hakuna aliyethibitisha kuwa popobawa ameua mtu. Hofu yake ndiyo iliyoua.

Uislamu unafundisha nini?

Wapo wasomi wanaotaka kutibu tatizo hili kwa kusema hakuna jini wala uchawi. Muislamu hawezi kusema hivyo. Majini wapo, na ipo sura nzima inayoitwa kwa jina lao. Uchawi umetajwa katika Qur'an, na Mtume (s.a.w) ameuhesabu miongoni mwa madhambi saba yanayoangamiza. Lakini Qur'an hiyo hiyo inamwekea jini mipaka ambayo filamu haimwekei.

Kwanza, jini hajui ghaibu. Suratu Sabaa aya ya 14 inaeleza kuwa Nabii Suleiman (a.s) alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu bila kujua mpaka mdudu alipoila fimbo ile na mwili ukaanguka. Hawakujua kifo cha mtu aliyekuwa mbele ya macho yao. Watajuaje mkanda wa dhahabu ulipopita chini ya ardhi ya Geita?

Pili, uchawi haudhuru ila kwa idhini ya Allah (s.w). Hilo limo katika Suratul Baqara aya ya 102. Na katika Suratu Ibrahim aya ya 22, shetani mwenyewe atawaambia wafuasi wake Siku ya Kiyama kwamba hakuwa na mamlaka juu yao, isipokuwa aliwaita nao wakamuitikia. Kwa hiyo muuaji hana pa kujificha. Hawezi kusema jini alimshika mkono.

Tatu, kumkimbilia jini hakumpi mtu usalama. Suratul Jinn aya ya 6 inawataja wanaadamu waliojikinga kwa majini, ikawa ni kuwazidishia uovu tu.

Nne, kumtuhumu mtu bila ya elimu ni dhambi. Suratul Israa aya ya 36 inakataza kufuata tusiyo na ujuzi nayo, na inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Suratul Hujurat aya ya 12 inaonya dhidi ya dhana. Na Suratul Maida aya ya 32 imeifanya roho moja iliyouliwa bila ya haki kuwa sawa na watu wote.

Uko pia mfano wa Mtume (s.a.w) mwenyewe. Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha mtoto huyo. Ulikuwa uvumi wenye kumtukuza, na mwenye kutafuta umaarufu angeunyamazia. Mtume (s.a.w) aliukanusha palepale, akafundisha kuwa jua na mwezi ni alama za Allah (s.w) na havipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu yeyote. Huo ndio msimamo wa Uislamu: jambo lisihusishwe na sababu isiyokuwa yake, hata kama inatupendeza.

Tuipeleke elimu hiyo Buzwagi. Mgodi ule ulifanya kazi mpaka mwaka 2021, na dhahabu iliyokuwemo katika tani nzima ya mawe ilikuwa gramu chache tu. Ilipatikana kwa wanajiolojia kupima miamba, kwa kuchoronga, kwa mitambo na kwa kemikali. Hakuna mhandisi aliyehitaji mkono wa mtoto ili mtambo utoe dhahabu. Na ualbino wenyewe ni upungufu wa rangi mwilini anaourithi mtoto kutoka kwa wazazi wote wawili. Suratu Rum aya ya 22 imetaja tofauti za rangi zetu kuwa ni katika ishara za Allah (s.w). Ishara ya Allah haikatwi kwa panga.

Tatizo lililo ndani ya nyumba yetu

Tusiishie kuwalaumu Wanigeria na Wamarekani. Katika filamu zetu wapo waganga waliovaa kanzu na kushika tasbihi, wakipiga ramli kwa kitabu kilichoandikwa Kiarabu. Tunakasirika tukisema Uislamu umedhalilishwa. Lakini je, mtengenezaji amewatoa wapi? Amewaona mitaani kwetu. Wapo wanaosoma aya chache kisha wakamwambia mgonjwa kwamba aliyemroga ni mwanamke mweusi, mfupi, anayekaa upande wa mashariki. Hiyo ndiyo ramli chonganishi, na kuwepo kwa Bismillahi mwanzoni hakuigeuzi kuwa dawa. Mtume (s.a.w) amefundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo haikubaliwi Swala yake kwa siku arobaini. Ruqya ya halali inamuomba Allah shifaa kwa mgonjwa. Haitaji jina la jirani.

Tufanye nini?

Kwanza, mzazi ajue mtoto anatazama nini na wapi. Nchi yetu ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ipo Bodi ya Filamu yenye kazi ya kukagua na kupanga filamu kwa umri. Lakini Bodi haiingii chumbani kwako.

Pili, kijana mkubwa anayetazama afundishwe kuuliza maswali matatu: Mali katika filamu hii imetoka wapi? Nani ametuhumiwa, na kwa ushahidi gani? Aliyeogopwa hapa ni Allah au ni kiumbe? Wanafunzi wa sekondari wakizoea maswali haya, huanza wenyewe kuyaona mashimo ya hadithi.

Tatu, tusiwatishe watoto kwa majini wala tusiwaache kaka zao wawatishe gizani kwa michezo waliyoiona kwenye simu. Abu Daud amepokea kuwa Masahaba waliwahi kumfanyia mwenzao mzaha akiwa amelala hadi akashtuka, na Mtume (s.a.w) akafundisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Badala yake, mtoto afundishwe Ayatul Kursiy, Qul a'udhu mbili na dua ya kulala. Hizo ni silaha za kweli, na hazihitaji umeme.

Nne, anayesikia ramli chonganishi ikipigwa mtaani kwake asinyamaze kwa kuona haya. Atoe taarifa serikali ya mtaa au polisi kabla jina lililotajwa halijawa jeneza. Na maimamu waliseme jambo hili katika khutba za Ijumaa, hasa karibu na maduara, makarasha na mialo, ambako tamaa ya dhahabu ni kali na elimu ni haba.

Ndugu msomaji, mnyonya damu wa Mississippi hatafika Kahama, na Shumileta huzimika ukibonyeza kitufe. Aliyekaa na panga nyuma ya nyumba ya mtoto mwenye ualbino hazimiki kwa kitufe. Huyo huzuiwa kwa tawhidi moyoni, kwa sheria mahakamani na kwa jirani anayekataa kunyamaza. Tumuombe Allah (s.w) atujaalie kumuogopa Yeye peke yake, na awalinde waja wake wanyonge.

Wallahu a'lam.