Juma la Mkimbiaji

Komanda ni mahali njia tatu zinapokutana. Moja yapanda kwenda Bunia, moja yakwenda Beni, na ya tatu yaingia msituni, yapita Mambasa hata kufika Kisangani. Malori husimama hapo, wasafiri hula, madereva hupumzika. Mtu akitaka kupanda lori, dereva humwuliza kwanza neno moja: "Unakwenda wapi?" Maana lori la Beni, hata likiwa zuri namna gani, halimfikishi mtu Bunia.

Hii ni habari ya mvulana mmoja wa Komanda, wa darasa la tano, aliyeanza safari kabla ya kujiuliza neno hilo.

Mvulana huyo alisikia kwamba mwisho wa muhula kutakuwa na mashindano ya mbio za meta 1500. Yalibaki majuma kumi. Akafurahi sana, kwa kuwa alijiona mwepesi wa miguu. Siku ile ile akaanza kujizoeza. Wanafunzi walikwisha kupima kiwanja cha shule kwa kamba: urefu meta 90, upana meta 60. Basi mzunguko mmoja ni meta 300, na mizunguko mitano ni meta 1500 kamili. Yeye akakimbia mizunguko kumi, kwa nguvu zake zote. Kesho yake akakimbia kumi na miwili. Tena akaruka kamba, akacheza mpira, akajiinua kwa mikono kwenye tawi la mwembe, kwa sababu alisikia kwamba wachezaji wa mpira mjini hufanya hivyo.

Siku ya tisa goti lake la kuume likaanza kuuma, chini kidogo ya pia ya goti. Siku ya kumi alichechemea njiani akitoka chemchemi, akajikwaa, na bidoni ikamwaga maji yote.

Mama yake akamwuliza: "Mwanangu, umeanguka?"

"Hapana, Mama. Ninajizoeza kukimbia."

"Kujizoeza gani huku kunakomrudisha mtu nyumbani bila maji?"

Shuleni mwalimu alimwona akichechemea, akamwita baada ya masomo. Mvulana alidhani ataulizwa habari ya goti. Lakini mwalimu alifungua daftari akasema: "Nieleze juma lako lote, tangu siku ya kwanza hata siku ya Mungu. Kila kazi unayofanya kwa mwili wako, usiache hata moja."

Mvulana akaeleza. Kila asubuhi yeye huenda chemchemi mara mbili na bidoni ya litri 10. Litri moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi kila mara hupandisha mlimani kilo 10, na bidoni yenyewe juu yake. Kwenda shule na kurudi ni kilometa 6 kwa miguu. Siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano, saa za alasiri, humsaidia mama yake kulima na kupalilia mihogo. Siku ya posho hupasua kuni za juma zima. Mwalimu aliandika yote, kisha chini yake akaandika mizunguko kumi na miwili ya kila siku, na kamba, na mpira, na tawi la mwembe. Ukurasa ukajaa.

"Unaona?" akasema mwalimu. "Kabla hujakimbia hatua moja, ulikuwa umekwisha kufanya kazi nyingi ya kutia mwili nguvu. Wewe ulipakia lori lililojaa."

Watoto wafahamu vizuri neno hili. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri kwa nchi zote: watoto wa miaka 5 hata 17 watumie miili yao kwa bidii kiasi cha dakika 60 kila siku, kwa wastani, na siku 3 katika juma wafanye kazi ya kutia nguvu misuli na mifupa. Shauri hilo ni jema, na katika miji mikubwa watoto wengi hawalifikii, kwa maana huketi mchana kutwa. Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Vyawaambia waongeze, waongeze tena. Lakini mtoto anayechota maji, anayelima na kwenda shule kwa miguu, amekwisha kuzipita dakika 60 kabla ya jua kuchwa. Yeye hana haja ya kuongeza tu. Ahesabu kwanza.

Tena, nguvu haiji wakati wa kazi. Msuli ukifanya kazi ngumu huchoka, na nyuzi zake ndogo huumia kidogo. Mtu akipumzika, akila na kulala, mwili hutengeneza zile nyuzi, na kuzifanya imara kuliko kwanza. Ndipo nguvu inapopatikana. Mtu asiyempa mwili nafasi ya kutengeneza, kila siku huvunja juu ya palipovunjika. Nao watoto wana jambo lingine: mifupa yao ingali inakua. Chini ya pia ya goti, pale ukano wa msuli mkubwa wa paja unaposhika mfupa, mfupa wa mtoto haujakaza bado. Akikimbia na kuruka mno, ukano huvuta na kuvuta, mahali pale huvimba na kuuma. Si ugonjwa wa kuogopesha, wala hauhitaji kuchanjwa chale. Wataka kupunguza mbio na kupumzika. Maumivu yakizidi, au goti likivimba lote, mtoto apelekwe kituo cha afya.

Mwalimu akamwuliza mvulana: "Sasa, unataka nini? Kuinua mizigo? Kucheza mpira? Kukimbia mbali? Au kukimbia meta 1500?"

"Meta 1500, Mwalimu."

"Basi tawi la mwembe litakusaidia nini?"

Mvulana akacheka, akanyamaza.

Wakapanga pamoja. Majuma mawili ya kwanza, hakuna mbio kabisa, mpaka goti lipone. Mdogo wake atachukua bidoni moja ya asubuhi, mama alikubali. Baada ya hapo, juma litakwenda hivi. Siku ya kwanza, ya tatu na ya tano ni siku za shamba. Jembe ndilo zoezi lake, wala hakimbii. Siku ya pili ni siku ya mbio kali: mizunguko miwili polepole ili kuupasha mwili moto, kisha nusu mzunguko kwa kasi, nusu mzunguko kwa kutembea, mara nne. Siku ya nne ni siku ya mbio ndefu za polepole: mizunguko sita, na kila juma aongeze mmoja tu. Siku ya posho, kuni asubuhi, na jioni mpira na rafiki zake, kwa furaha tu, bila kuhesabu. Siku ya Mungu, Misa, chakula, na kupumzika.

Mvulana akahesabu kwa vidole. "Siku mbili tu za mbio, Mwalimu? Wakimbiaji wakubwa si hukimbia kila siku?"

Basi mwalimu akampa habari ya Iten. Iten ni mji wa milimani katika nchi ya Kenya, kiasi cha meta 2400 juu ya bahari. Hapo pana shule ya wavulana iitwayo St Patrick's. Mwaka 1976 alifika huko Bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea kazi ya kufundisha mbio. Aliwatazama watoto jinsi wanavyokimbia, akajifunza kwa kutazama. Peter Rono, aliyesoma katika shule ile, alipata medali ya dhahabu ya meta 1500 katika michezo ya Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988. Baadaye Bruda huyo alimfundisha David Rudisha, ambaye tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, alikimbia meta 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyepata kuzikimbia upesi hivyo.

Na Eliud Kipchoge, Mkenya aliyekimbia kilometa 42 na meta 195 mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kwa miaka mingi alikuwa na siku tatu ngumu katika juma: siku ya pili, siku ya nne na siku ya posho. Siku nyingine alikimbia, ndiyo, lakini polepole. Naye huandika mazoezi yake katika daftari. Kukimbia ndiyo kazi yake. Hachoti maji kabla ya kwenda shule.

"Kama yeye ana siku tatu ngumu," akasema mwalimu, "wewe mwenye jembe na bidoni, siku mbili zakutosha."

"Nitajuaje kama ninakwenda polepole?"

"Kimbia na rafiki, mkizungumza. Ukiweza kusema maneno mengi bila kukatika pumzi, ni polepole. Ukiweza kusema neno moja au mawili tu, umekwisha kuwa katika mbio kali, nayo si ya siku ya nne."

Mama naye alitoa sharti lake. Mvulana asikimbie kamwe peke yake barabarani wala njia ya shamba, na kabla ya giza awe nyumbani. Komanda imeona huzuni nyingi, na wazazi hawana haja ya kueleza sharti kama hilo. Kwa hiyo mazoezi yote yalifanywa katika kiwanja cha shule, mbele ya watu, na wenzake watatu wakaja kukimbia naye.

Mvulana alikuwa na dada mkubwa, mshona nguo sokoni. Siku moja mwalimu alimpelekea suruali ya kutengeneza. Yule dada akasema: "Mwalimu, huyu mdogo wangu amenionyesha daftari lake. Mimi mgongo waniuma kila jioni. Nami nikimbie siku ya pili na ya nne?"

"La, dada. Wewe unakwenda kwingine. Yeye miguu yake haikai. Wewe huketi mbele ya mashine tangu asubuhi."

Kwa watu wazima shauri ni angalau dakika 150 katika juma za mwendo wa haraka, na siku 2 za kutia misuli nguvu. Dada akaanza kurudi nyumbani kwa njia ndefu, kwa miguu, mwendo wa haraka, dakika 30, siku tano. Tano mara thelathini ni 150. Siku mbili jioni aliketi na kuinuka kitini bila kushika kitu, mara kumi, akapumzika, akarudia. Kisha alilala chali, magoti yamekunjwa, akainua nyonga polepole. Na kila alipomaliza kushona kipande kimoja cha nguo, alisimama, akajinyosha. Wenzake wa sokoni walimcheka juma la kwanza. Juma la tatu wawili walikuwa wakisimama pamoja naye.

Mvulana akaendelea. Siku aliyoanza tena kukimbia, mwalimu alitazama saa: mizunguko mitano kwa dakika 6 na sekunde 50. Baada ya majuma matatu, dakika 6 na sekunde 20. Akaandika yote. Katika daftari lake huonekana pia mambo madogo: "Leo nililala vibaya, miguu mizito." "Nilikula wali na maharage mengi kabla ya kukimbia, tumbo likauma." Hayo nayo yana maana, pengine kuliko saa. Mtoto wa umri wake ataka usingizi wa saa 9 au zaidi, na tumbo lililojaa halipendi kutikiswa.

Juma la nne la mbio akashikwa na homa. Kituo cha afya wakampima damu, wakaona malaria, wakampa dawa. Hakukimbia juma lote. Alipopona, akataka kukimbia siku nne mfululizo, apate kulipa zile zilizopotea.

Mwalimu akakataa. "Je, una deni? Nani anakudai?" Akamrudisha nyuma: siku mbili, mizunguko minne tu, polepole. Mvulana alikasirika kidogo, lakini akatii.

Siku ya mashindano walikimbia wavulana kumi na tisa. Mzunguko wa kwanza wengi waliruka kama mbuzi waliofunguliwa, na yeye akawa wa kumi na nne. Mzunguko wa tatu walianza kushika mbavu. Yeye akampita mmoja, akampita mwingine, hata akafika mwisho wa kiwanja. Saa ya mwalimu ilionyesha dakika 5 na sekunde 58.

Jioni mama yake alikuwa akitwanga sombe.

"Umeshinda?"

"Nimekuwa wa nne, Mama. Na goti haliumi hata kidogo."

"Vema, mwanangu. Bidoni ile pale."

MAULIZO

Mwalimu aliandika nini kwanza katika daftari, na kwa nini hakuanza na goti?

Kwa nini juma la dada halikufanana na juma la mdogo wake?

Mvulana alianza mbio ndefu kwa mizunguko sita, akiongeza mmoja kila juma. Juma la tatu alikimbia meta ngapi siku ya nne?

Andika kazi zote ambazo mwili wako hufanya tangu siku ya kwanza hata siku ya Mungu. Kisha andika neno moja tu unalotaka kuweza kufanya baada ya majuma nane. Mwonyeshe mwalimu wako kabla ya kuanza.