Dondoo Muhimu: Kuipamba Nyumba kwa Gharama Hafifu

Mwenye nyumba ya matofali ya udongo hapa Kindu, ambako mvua ikinyesha hurusha matope mekundu mpaka kwenye kuta, hana haja ya kungojea fedha za rangi ya dukani ndipo aipambe nyumba yake, kwani chokaa, udongo mweupe uitwao pemba, ngeu na masizi ni rangi tosha kwa mwenye hima.

Chokaa iloweke usiku kucha, uichuje kwa kitambaa, utie konzi ya chumvi ipate kushika. Kisha uunyunyizie ukuta maji kabla ya kupaka, kwa sababu ukuta mkavu huinyonya chokaa ghafla, ikabanduka. Usitaharuki uonapo mkono wa kwanza haufuniki kitu: chokaa mbichi huonekana kama maji ya mchele, na weupe wake hudhihiri ikaukapo. Mikono mitatu myepesi ni bora kuliko mmoja mzito. Watoto wakae mbali, maana chokaa huunguza macho.

Pemba, ikikorogwa na uji mwepesi wa muhogo, yafaa ndani tu. Nje, kutoka chini hadi kimo cha goti, itie chokaa ngeu kwa wingi, upige utepe mwekundu usitiri matope. Sioni hekima yoyote ya kupaka weupe mahali hapo.

Na vipande vya vikwembe visaliavyo kwa fundi cherehani, vikiungwa kwa kuoanisha rangi, huwa pazia la mlango lenye jamala kubwa. Vifue kwanza, visije vikachujiana.