SOMO LA KIKUNDI: KAKTASI INAYOMEZA MALISHO

Mwezi huu tunasoma juu ya mmea ambao wafugaji wa Laikipia Kaskazini hawahitaji kuonyeshwa picha yake. Ni kaktasi ya opuntia, ile yenye vipande bapa kama chapati, kimoja kimeota juu ya kingine. Asili yake ni bara la Amerika. Hapa kwetu ililetwa wakati wa ukoloni, ikapandwa pande za Doldol iwe ua wa boma. Ua ukatoroka boma! Leo imetanda katika hifadhi ya jamii ya Naibunga na ranchi jirani, hata pahali ambapo wazee wanakumbuka palikuwa nyasi tupu.

Hasara yake mnaijua. Tunda lake ni tamu lakini lina vimiiba vidogo kama nywele. Mbuzi akilila, vimiiba humchoma midomo, ulimi na hata matumbo. Vikimwingia machoni anaweza kupofuka. Mbuzi kama huyo sokoni nani atamnunua? Na wakati wa kiangazi kama kile cha 2021 hadi 2023, utamzuiaje asile kitu pekee kilichobaki na maji ndani yake?

Hebu tuangalie inavyoenea, maana hapo ndipo vikundi vingi hupoteza jasho. Ndovu, nyani, ndege na mbuzi wetu wenyewe hula matunda, halafu mbegu zinatoka na mavi mbali na pale zilipoliwa. Tena kipande chochote kikianguka chini kinatoa mizizi na kuwa mmea mpya. Sasa watu wanaingia na panga, wanafyeka asubuhi nzima, wanapiga picha na mgeni, wanaenda nyumbani. Mvua ikinyesha, penye kichaka kimoja panakuwa na vingi. Kufyeka na kuacha vipande chini ni sawa na kupanda.

Kwa hivyo ng'oeni na mizizi kwa jembe na sururu, mkishika vipande kwa uma au koleo, si kwa mikono mitupu. Okoteni kila kipande na kila tunda. Chimbeni shimo la kina, mtie vyote, mfukie vizuri. Anzeni na mimea michache iliyo mbali mbali, kando ya njia na karibu na maji. Najua wengi wanapenda kuanza na msitu mkubwa kwa sababu unaonekana, lakini hiyo michache ndiyo misitu ya kesho. Kisha mrudi kila baada ya mvua, kwa sababu mbegu hukaa udongoni miaka mingi.

Msitu mnene uachieni mdudu. Anaitwa kochinili. Ni mdogo sana, hujifunika kwa utando mweupe kama pamba, na ukimponda anatoa rangi nyekundu kama damu. Hunyonya maji ya kaktasi mpaka vipande vinanyauka na kuanguka. Aina inayofaa opuntia ya Laikipia ililetwa mwaka 2014. Hali mahindi, hali maharagwe, hali nyasi. Kuna wazee wanaouliza, "Na akimaliza kaktasi atageukia nini?" Swali ni zuri. Jibu ni kwamba kaktasi zikiisha, naye anakufa.

Namna ya kumsambaza ni rahisi: kata kipande chenye utando mweupe, ukiegemeze kwenye mmea ambao bado hauna wadudu. Watoto wake watatembea wenyewe. Fanyeni kazi hii wakati wa ukavu, kwa maana mvua kubwa humwosha. Lakini msimchukue popote tu. Kochinili wako wa aina mbalimbali, na kila aina ina kaktasi yake. Ulizeni kwanza ofisi ya kilimo au walinzi wa hifadhi. Na msitarajie matokeo ya wiki moja. Huko Australia waliteseka na kaktasi kama hii kwenye mamilioni ya ekari, mpaka walipoleta nondo fulani katika miaka ya 1920. Baada ya miaka michache maeneo makubwa yalikuwa yamesafishwa, na mwaka 1936 watu wa Boonarga wakafungua ukumbi wa kumkumbuka huyo mdudu. Ukumbi wa mdudu, jamani!

Kuna jambo la pesa. Kina mama wengine hutengeneza juisi na jemu ya matunda haya, na vipande vikipondwa vinaweza kutoa gesi ya kupikia. Siwapingi. Lakini mradi ukitegemea kaktasi, ipo siku mwanakikundi atataka isiishe. Semeni mapema: tunavuna tukimaliza, au tunavuna tukifuga?

Na ardhi ikishasafishwa ni ya nani? Udongo ulio wazi ndio kaktasi inaupenda. Pandeni mbegu za nyasi, mpumzishe mahali hapo angalau msimu mmoja. Nimeona kikundi kilichofanya kazi miezi mitatu, halafu ng'ombe wa watu ambao hawakushika jembe wakaingia wa kwanza. Kina mama waliochimba wakanyamaza mkutanoni, na mwezi uliofuata hawakuja kazini.

Maswali ya kujadiliana:
Katika malisho yetu, kaktasi za pekee ziko wapi, na msitu uko wapi?
Nani atarudi kukagua baada ya mvua, na atalipwa nini?
Mifugo ya nani itaingia kwanza mahali tuliposafisha, na nani ana mamlaka ya kuizuia?